Dakika Arobaini na Moja

Jedwali lilitakiwa kufungwa saa kumi na moja jioni, na asubuhi hiyo Kaltumi alikuwa amebakiza makala moja tu.

Kazi yake, katika ofisi ndogo ya utafiti pale Bukoto, ilikuwa kuorodhesha kila makala ya saikolojia iliyowahi kuandikwa kuhusu watu wa Uganda: nani kaiandika, ilichapishwa wapi, imemtegemea nani aliyetangulia. Alikuwa amefikisha mia mbili na kumi na moja. Katika miezi minane alijifunza kwamba wasomi nao hufuatana kama watu wanaovuka barabara: wa mbele akishaingia, wa nyuma haangalii tena magari.

Hii ya mwisho ilikuwa ya mwaka 1961. Mzungu mmoja aliwapa askari ishirini na wanne wa Kinubi, kambini mwao, vipande vya mbao wavipange kwa kufuata picha, kila mmoja ainue mkono akimaliza. Wote ishirini na wanne walitumia dakika arobaini na moja. Mwandishi akahitimisha kwamba watu hawa akili yao ni nzito, na hawana fikra ya mtu mmoja mmoja. Lisemwalo lipo, wanasema. Basi hili lilikuwa limesemwa tena katika makala arobaini na sita zilizofuata.

Kaltumi alichukia sana. Babu yake, Mzee Sebit, alikuwa kurutu katika kambi ileile mwaka uleule. Nyumbani Kisugu alizoea kusimulia kwa kicheko habari za Mzungu wa vibao, aliyewagawia sukari walipomaliza. Maskini hakujua kilichoandikwa baada ya sukari.

Kaltumi alikwenda kwa mkuu wake, Daktari Adoch, akaomba makala hiyo isitiwe alama ya "msingi". Adoch hakuinua hata macho. Alimkumbusha kanuni: makala iliyotajwa zaidi ya mara ishirini ni msingi, apende asipende. Hasira ya mjukuu si ushahidi. Akileta ushahidi kabla ya saa kumi na moja atasikilizwa. Asipoleta, jedwali litakwenda kwa wachapishaji ng'ambo kama lilivyo, na wengine watalinukuu kwa miaka sitini mingine.

Ushahidi wa nini, naye hata hakuelewa kilichotokea? Na saa nane alikuwa na zamu ya kumpeleka babu kliniki ya wazee, kupimwa kumbukumbu.

Kwenye benchi la kliniki walimkuta Mzee Abdul-Latif, dereva mstaafu wa malori, aliyemzidi Sebit miaka mitatu. Sebit, pamoja na uzee wake, aliinama akamsalimia kwa mikono miwili. Muuguzi Nasike akawaita wote wawili mezani, akampa kila mmoja karatasi na kalamu, akawaambia wachore uso wa saa, mishale ionyeshe saa tano na dakika kumi. Akatazama saa yake ya mkononi.

Sebit alichora duara safi, akapanga namba zote, akaweka mshale mfupi. Halafu akaacha kuchora. Kalamu ilibaki hewani. Abdul-Latif alikuwa bado anahangaika na namba sita. Dakika zikapita, tatu, nne. Nasike alimwangalia Sebit kwa huruma, akavuta fomu, akaanza kuandika.

"Musawo, ngoja kidogo, tafadhali," Kaltumi alimwambia muuguzi, kisha akamwinamia mzee. "Babu, umesahau mshale wa pili?"

"Sijasahau kitu."

"Sasa mbona huumalizi?"

Mzee alimtazama kana kwamba swali hilo lilimtia aibu mbele za watu. "Mukubwa wangu bado anaandika. Mimi namaliza mbele yake namna gani?"

Kaltumi aliwakumbuka wale askari ishirini na wanne. Abdul-Latif alipoweka kalamu chini, Sebit alichora mshale wake mara moja, mahali pake hasa. Nasike akaifuta ile herufi aliyokuwa ameianza.

Kaltumi hakungoja wafike nyumbani. Palepale kwenye benchi alimuuliza babu yake habari za vibao, safari hii bila kicheko. Mzee akasema kwamba siku ile sajini wao, waliyemwita Shawish, alikaa nao mezani, na macho ya sajini yalikuwa yameanza kufa. Kikosi kizima kilijua, maofisa hawakujua. Wangejua, wangemfukuza jeshini. Kurutu wote walimaliza mapema, wakakalia mikono yao, wakangoja mpaka yeye apapase kibao cha mwisho. Ndipo wakainua mikono pamoja naye.

"Andika," alisema Sebit. "Jina langu weka. La Shawish acha. Wajukuu wake tunaswali nao."

Bodaboda ilimfikisha Bukoto saa kumi na nusu. Adoch alimsikiliza akiwa amesimama, mkono kwenye kitasa, mtu aliyekwisha kuamua kuondoka. Alisema shahidi mmoja mwenye umri wa miaka themanini na sita hapindui makala. Kaltumi hakubishana. Aliligeuza jedwali la Mzungu, lile lililomo ndani ya makala, lielekee kwa Adoch, akaweka kidole kwenye safu ya dakika.

"Daktari, hebu tazama. Watu ishirini na wanne. Uzito wa akili gani huo unaolingana mpaka dakika?"

Adoch alitazama. Aliketi polepole. Jedwali hilo alikuwa amelifundisha miaka ishirini, kila mwaka darasa jipya, na hakuwahi hata siku moja kuisoma safu ile kutoka juu hadi chini. Uso wake ulimshuka, na Kaltumi, aliyekuja tayari kwa ugomvi, akamwonea huruma.

Saa ya ukutani ilionyesha kumi na dakika hamsini. Adoch alivuta simu, akawaandikia wachapishaji kwamba jedwali la ofisi halitakuja leo. Kisha akaomba aonyeshwe orodha ya makala zile arobaini na sita, zikaguliwe upya. Alishuka nayo mpaka ya thelathini na moja, yenye jina lake mwenyewe.

"Anza na hii yangu," alisema.