Mlango Uliofungwa kwa Ndani

Mwanangu, kuna mchana mmoja wa miaka ya vita ambao hauniachi. Nakumbuka ziwa lilivyokuwa: jeusi, limelala, bila wimbi hata moja, na mbwa wote wa mtaa wetu walikuwa wamenyamaza.

Mvua ilikuwa imenyesha wiki nzima hapa Bukavu, kisha ikakatika ghafla. Tulikaa mteremkoni, mimi, watoto wangu na mama mkwe wangu, ambaye sote tulimwita Koko. Chini yetu kidogo alikaa mdogo wangu Zawadi na mumewe, Papa Deo. Siku hizo kila nyumba ilikuwa na gogo la kufungia mlango. Kitu kikivuma milimani, tulipitisha gogo, tukalala sakafuni, tukasubiri. Hivyo ndivyo tulivyobaki hai. Aliyeumwa na nyoka akiona unyasi hushtuka.

Tulijua mvua itarudi, maana dalili ya mvua ni mawingu. Misumari mipya hatukuweza kununua. Koko alikata mpira wa baiskeli uliochakaa, akafungia boriti za paa kwenye nguzo. Tulijaza mawe kwenye magunia, tukayalaza juu ya mabati. Tukachimba mfereji upande wa juu ili maji yapite kando. Nilipika maharage mapema, na karatasi zetu nikazifunga ndani ya mfuko wa plastiki. Nikaona tumemaliza.

Kisha Koko akaenda chemchemini, akarudi na bidoni ya maji mekundu kama udongo wa tofali. Nyuma ya migomba alikuwa ameona ufa ardhini, kidole kinaingia. Hapo mlima ukaunguruma, mara moja tu, chini kwa chini. Mikono yangu ikalichukua gogo yenyewe.

"We mutoto, unafanya nini?"

"Nafunga, Koko. Bunduki zinalia kule juu."

"Ile haiko bunduki. Acha mulango! Risasi unailalia chini. Mulima unaukimbia."

Tukatoka na watoto, upepo ukianza kuchana majani ya migomba. Njia ya kwenda parokia, kule kwenye mwamba, ilipita mbele ya nyumba ya Zawadi. Papa Deo alikuwa mlangoni, anacheka.

"Koko, unaogopa mvua sawa paka! Mabombi yote tulipita, sasa mvua ndio itatufukuza?"

"Deo, toka na bibi yako. Mulima unakuja."

"Na nani atachunga nyumba? Kesho hata sufuria hatutaikuta."

Nilimshika Zawadi mkono. Akautoa polepole, kama mtu asiyetaka kukuudhi. "Endeni, yaya," akasema, kama kwetu tunavyomwita dada mkubwa. "Tutaonana mvua ikiisha."

Tulipofika kwenye kona, nikasikia gogo lao likiingia mahali pake: ko.

Mvua ikanyesha, na upande mmoja wa mlima ukaporomoka. Ilipokatika tulirudi. Nyumba yetu ilikuwa imepoteza ukuta mmoja, lakini mabati na magunia yake yalikuwa palepale. Kwa Zawadi ulikuwa umebaki mlango tu, umesimama wima kwenye fremu yake, gogo bado limepita kwa ndani. Nyuma yake hapakuwa na ndani. Tuliwakuta bondeni, kifudifudi, mikono juu ya vichwa, kama tulivyozoea kulalia risasi.

Mwanangu, paa lifunge kwa ulicho nacho, hata kama ni mpira wa baiskeli. Mfereji uchimbe jua likiwaka. Lakini kilichokuokoa jana usikiamini kwa kila kitu. Kabla hujajificha, sikiliza kwanza ni nini kinachokuja. Maji ya chemchemi yakibadilika rangi, toka, hata wakikuita paka. Sufuria nyingine utapata.

Mimi, mvua ikianza, naacha mlango wangu wazi na maji yanaingia. Wajukuu wananicheka. Wao hawakuisikia ile sauti ya gogo.

Mungu akulaze pakavu, mwanangu. Na siku ya kutoka ikifika, akupe miguu myepesi, na wale unaowapenda wakubali kukufuata.