Sarafu Iliyosuguliwa

Fundi saa mstaafu, ambaye majirani humwita Mzee Lenzi, hukusanya sarafu za kale za fedha na kuzipanga kwa ubora. Azijuaye hazisugui kamwe, maana ule weusi wa miaka ndio heshima ya sarafu. Mchumba wa bintiye hakulijua hilo. Alileta moja inayong'aa kama kijiko kipya.

"Zawadi yako, baba. Nimeisugua kwa dawa ya meno mpaka ikatakata."

"Umeiua, mwanangu," mzee alitania, akaiweka chini ya lenzi.

Kicheko kikamkauka. Fedha yote iling'aa, ila juu ya taji la mfalme aliyechorwa humo kitone kimoja kilibaki kijivu: bati lililoziba kitobo. Kitobo hicho mzee alikitoboa mwenyewe, kikaenda upande kidogo, ili mdogo wake aivae sarafu shingoni. Mdogo wake alisafiri mwaka jana, hajarudi. Chumba chake bado hufagiliwa.

"Umeipata wapi?"

"Sokoni tu."

Binti alisimama mlangoni, mkoba begani. Wachumba hao walikuwa wanakwenda kutazama nyumba ya kupanga, nje kabisa ya mji.

"Leo hamwendi," mzee alimwambia bintiye taratibu. "Msubirini kwanza baba yako mdogo atoe idhini."

Kijana alicheka. "Baba nawe! Maiti atatoa idhini gani?"

Katika nyumba ile hakuna aliyewahi kusema kwamba amekufa. Mzee aliifumbata sarafu, akamwamuru binti aingie chumbani na ajifungie kwa ndani.