Wa Tano Hakuandikwa

Juzi nilikuwa kwenye benchi la hospitali hapa Shinyanga mjini, nimempakata mwanangu mwenye homa, mke wa mwenye duka la vitambaa akaniketishia binti yake ubavuni. Wanahamia Kanada, na siku hiyo walikuja kupimwa afya. Binti ana miaka kama sita, mguu mmoja umefungwa chuma kwa sababu ya polio.

"Mama Shija, kaa naye," alininong'oneza. "Fomu ina watoto wawili tu. Wakiona huu mguu, familia nzima inakataliwa. Yeye atabaki kwa shangazi yake."

Akaingia kwa daktari na mumewe na wavulana wawili, mlango ukabaki wazi.

Nesi akapita, akasimama kuutazama ule mguu. "Huyu wa nani?"

Nikisema kweli nimewavunjia safari, nikidanganya nimemkana mtoto wa watu, na mwenyewe kanishika kanga. Sijafungua mdomo, mtoto akajibu taratibu, kama anayesoma darasani, huku anamtazama mama yake kule ndani:

"Mama yangu hajaja leo, sista."

Mama yake akageuka, akaanza kumfunga mvulana mmoja vifungo vya shati vilivyokwisha kufungwa.

Walitoka na vyeti. Daktari kawaandika wote wanne wazima kabisa.

Yule mama aliniomba nisimwambie mtu. Ninyi wasomaji nimewaambia, imenishinda kukaa nalo. Lakini basi, simwambii mwingine tena, hata Baba Shija.