Utando katika Tangi la Mama

Wakati ule wa kampeni, kijijini kwetu Wawi watu wa chama hiki hawakununua dukani kwa watu wa chama kile, na wengine hata mazikoni hawakwendeana. Lakini tangi la mama yangu lilikuwa la wote. Kila jioni wanawake wa pande zote mbili walikuja na ndoo zao, wakasalimiana shingo upande, wakachota, wakaenda zao.

Nilikuwa nimerudi kutoka chuoni bara na kijimashine cha kupimia maji. Nikatumbukiza tangini vijiwaya viwili vya chuma, nikaviacha siku kadhaa. Vijidudu vikianza kujenga utando juu ya chuma, umeme mdogo unaopitishwa humo hubadilika, na mashine huonyesha kabla jicho halijaona kitu. Nilianza na tangi letu kwa kuwa nilikuwa na hakika nalo. Majibu nikayasoma jioni, mbele ya wachotaji, mama kasimama ubavuni mwangu kwa fahari.

Mstari kwenye kioo cha mashine ulikuwa umeporomoka.

"Vipi, mwanangu? Mbona husemi?"

"Utando umeanza, mama."

Uso uliniwaka. Mama akaingiza mkono, akapapasa ukuta wa ndani karibu na bomba, akautoa na kusugua vidole. Viliteleza kama vilivyoshika bamia. Akauficha mkono ndani ya kanga upesi upesi, kama mtu aliyevuliwa nguo.

"Kumbe n'nawanywesha watu uchafu! Uso wangu n'tauweka wapi?"

Mwanamke mmoja akamwaga ndoo yake pale pale, polepole, akaondoka. Wengine wakamfuata. Mimi nilibaki nikikunja waya zilizokwisha kukunjwa.

Asubuhi mama hakutoka chumbani. Niliingia tangini na brashi na maji ya klorini, mara nikasikia sauti juu yangu. Alikuwa jirani yetu, ambaye mumewe na baba yangu walikuwa hawasemezani tangu kampeni zianze.

"Nipe ndoo nimwage. Ukimaliza, uje upime na langu. Lakini uje watu hawapo."

Mama alimsikia kutoka dirishani. Akatoka, ushungi kauvuta mpaka machoni, akashika ndoo nyengine. Walimwaga maji machafu pamoja bila ya kutazamana.

Tangi lilitakata. Hata hivyo, kwa muda mrefu mama alipomkaribisha mgeni maji, alimpa kikombe huku akitazama chini.