Viti Viwili vya Pointi

Kadi yenyewe niliipokea kwa dharau. Binti wa benki alikuja ofisini kwetu, katika kampuni ya bima ambako nimezeekea nikisoma mikataba ambayo wateja huitia sahihi bila kuisoma, akanieleza kwamba kila nitakapolipa kwa kadi hii ya mkopo nitajipatia pointi, na pointi zikitosha zitageuka kuwa tiketi ya ndege. Nilimwuliza, kwa ukali wa mtu aliyesomea falsafa na hajapata mahali pengine pa kuitumia, ni nani hasa anayeilipia hiyo ndege.

"Kwani mzee," akasema, "wewe ukiwa umeshakaa ndani utauliza?"

Nikatia sahihi. Sikuwa nikifikiria benki wala ndege. Nilikuwa nikimfikiria mama yangu. Baba alikuwa polisi, na baada ya vita vya mwaka themanini na sita alipangiwa kazi ya ulinzi katika uwanja wa ndege wa Entebbe. Tulikulia katika nyumba za polisi karibu na hapo, na ndege zilipita juu ya kamba ya nguo zetu zikiwa chini kiasi cha kuonyesha magurudumu. Mama alizitazama miaka yote hiyo akiwa ameshika beseni kiunoni. "Mimi najua tumbo la ndege tu," alikuwa akisema. "Ndani yake sijui." Sasa alikuwa amezeeka, goti moja lilikuwa limeanza ukaidi, na mimi nilikuwa na hamu moja ambayo sikumwambia mtu isipokuwa mke wangu: siku mama atakapopanda ndege kwa mara ya kwanza, nikae kando yake, nimwone uso.

Tatizo ni kwamba pointi hufa. Zisipotumika kabla ya mwaka kuisha, benki huzifuta. Na maisha ya mtu wa mtaa wetu wa Bukoto, anayenunua nyanya sokoni na kupanda pikipiki, hayazalishi pointi za kumrusha hata kuku. Wauza nyanya hawana mashine ya kadi. Nikagundua kwamba nisipoweza kutumia zaidi ya uwezo wangu kwa heshima, basi itabidi nitumie kwa niaba ya wengine.

Nilianzia kwenye kituo cha mafuta jirani na ghorofa letu. Nilisimama kando ya pampu nikiwa nimevaa koti, nikiwaomba wenye magari wanipe mimi taslimu yao nami niwalipie kwa kadi. Wengi walipandisha vioo. Wachache walikubali, nadhani kwa huruma. Haukupita muda askari wa kituo, mtu mrefu wa kaskazini mwenye bunduki ya zamani, akanijia polepole.

"Wewe mzee, kuja hapa. Hiyo pesa unachukua kwa watu ni ya nini?"

Nilimjibu kwa Kiswahili chetu cha kambi za polisi, ambacho hakifundishwi chuoni. "Mimi nalipia wao mafuta na kadi. Wao wananipa kesh."

"Sababu gani? Wao hawana mikono?"

"Napata pointi, afande. Pointi inapandisha mama yangu ndege."

Aliitazama kadi pande zote mbili, kisha akanitazama mimi kwa namna hiyohiyo. "Baba yako alikuwa wapi?"

"Polisi. Entebbe."

"Ah! Wewe ni mtoto ya kambi." Bunduki ikarudi begani. "Mimi nimeona wezi wengi hapa. Lakini mwizi ya kulipia watu mafuta, huyo bado." Akageukia waendesha pikipiki waliokuwa wakisubiri kivulini, akapaza sauti: "Nyinyi, kuja mnunue kwa huyu! Mzee anapeleka mama yake juu!"

Wakaja. Mmoja wao, kijana mwenye adabu, alivua kofia yake ya chuma akanipa pole ya msiba. Niliipokea. Kumweleza ukweli kungenipotezea lita zake.

Lakini mafuta ya pikipiki hayanunui kiti cha ndege. Kilichoniokoa ni harusi. Binti wa binamu yangu alikuwa anaolewa, na kama ilivyo desturi ya mji huu, harusi ilitanguliwa na mikutano ya kila Alhamisi jioni, katika ukumbi wa nyuma wa mgahawa mmoja wa Wandegeya. Ndugu na marafiki hukaa, hutaja ahadi zao za mchango mbele ya wote, anayechelewa hutozwa faini, na ahadi zikianza kulegea mwenyekiti huipiga mnada chupa ya maji ya kawaida mpaka iwe na bei ya mbuzi. Watu hupenda vyeo vyote vya kamati isipokuwa kimoja. Mwenyekiti wetu, shangazi yangu mstaafu wa magereza, alipouliza nani atakuwa mweka hazina, watu wazima walianza kusoma simu zao kwa bidii.

Nikanyoosha mkono.

Shangazi akashusha miwani. "Huyu anataka kitu."

"Ndiyo, shangazi. Nataka pointi."

Niliwaeleza yote, bila kuficha: taslimu yao itaingia kwangu, mimi nitalipa kila kitu kwa kadi, risiti wataziona, na pointi zitabaki zangu. Ukumbi ulicheka hadi mhudumu akachungulia. Hakuna aliyeamini kwamba pointi ni kitu. Waliziweka katika kundi moja na bahati nasibu za kwenye vizibo vya soda.

"Mwacheni achukue pointi zake," akasema mjomba wa bwana harusi akifuta machozi, "mradi atuachie soda."

Hivyo ndivyo nilivyojikuta nikiisukuma harusi nzima, kwa upole wa kidiplomasia, kuelekea kwenye maduka yenye mashine. Haikuwa rahisi. Huko Katwe nilikwenda kuagiza masufuria makubwa ya pilau kwa fundi aliyekuwa amekaa katikati ya vipande vya bati kama mfalme. Nilipoitoa kadi aliigonga kwa ukucha kusikia mlio wake. "Bwana," akasema, "hiki chuma hakiungi." Nikalipa taslimu, nikahuzunika safari nzima ya kurudi. Suala la keki lilifika hadi kwenye mkutano. Bibi harusi alikuwa ameipenda keki ya mwanamke mmoja wa Wandegeya. Mimi nilisimama kuitetea keki ya duka kubwa la mjini.

"Hii ya Wandegeya ina kasoro gani?" shangazi akauliza.

"Haina mashine."

"Keki inahitaji mashine?"

Nilishindwa kwenye keki. Lakini nilishinda kwenye soda, kwenye suti, kwenye nguo za wasimamizi, na kwenye hoteli waliyolala wageni wa kutoka Arua. Harusi ilipendeza. Nimeambiwa hivyo; mimi muda mwingi nilikuwa kaunta.

Jumamosi iliyofuata nilifungua ukurasa wa benki mbele ya mke wangu. Pointi zilitosha viti viwili vya kwenda Nairobi, kwenda tu, bila kurudi. Ilinitosha kabisa. Mdogo wangu wa kike ameolewa Nairobi. Mama angekaa kwake wiki mbili, kisha tungerudi kwa basi kama watu wa kawaida. Nikabonyeza nikiwa nimejaa majivuno, kisha ukurasa ukanidai kodi za uwanja, kwa sababu tiketi ya bure nayo ina gharama zake. Nikalipa hizo pia kwa kadi. Majina ya wasafiri, ukurasa ukasema, ningeweza kuyajaza ndani ya wiki moja.

Hapo ndipo nilipokosea, na kosa langu asingeweza kulifanya mtu aliyelelewa na mama mmoja.

Sijasema kwamba baba alikuwa na wake wawili. Mama yangu ni Mkatoliki. Mama mdogo, mke wa pili, ni Mwislamu. Na baba, ambaye alikuwa akienda kanisani Krismasi na msikitini Idi ili asimkosee mtu, alituachia sheria moja tu ya nyumba: hakuna kuleta kitu kimoja. Sukari ikija, zinakuja kilo mbili. Ukimletea mmoja kitenge, mkono wako mwingine uwe na kitenge cha pili, na rangi isiwe nzuri kuliko ya kwanza. Wake hawa wamegombana tangu nikiwa na meno ya maziwa, juu ya kuni, juu ya redio, juu ya nani alimpikia baba vizuri zaidi, na bado wanaishi pamoja katika nyumba aliyowaachia pale Katwe, kila mmoja na jiko lake na ushahidi wake dhidi ya mwenzake.

Niliwakuta wote wawili barazani wakichambua njegere. Furaha ilinipanda kichwani, nikatamka: "Mama, nimepata tiketi mbili za ndege!"

Mama akaacha njegere. Mama mdogo naye akaacha njegere. Wakatazamana, na kwa mara ya kwanza katika kumbukumbu yangu hawakuwa na neno la kubishana.

"Tunakwenda lini?" akauliza mama mdogo.

Katika nyumba ile mbili maana yake ni moja moja. Tangu nianze kutambaa haijawahi kuwa na maana nyingine. Ningewezaje kusema ya pili ni yangu? Nikataja siku ya safari kwa sauti ndogo.

"Hiyo ndege iko na choo?" mama mdogo akaendelea.

"Iko nacho," akajibu mama, aliyejua tumbo tu. "Kwani utaanza kutuaibisha kabla haijaruka?"

Nitakuwa mkweli: sikukubali kwa heshima. Nilitazama bei ya tiketi ya tatu na kuufunga ukurasa haraka. Siku mbili baadaye nilimkuta mama mdogo peke yake nikaanza kumsimulia, kwa sauti ya kumjali, jinsi ndege inavyotetemeka juu ya mawingu, jinsi masikio yanavyoziba, jinsi wazee wengi wanavyoona ni heri basi. Alinisikiliza hadi mwisho huku akinimiminia chai.

"Baba," akasema, kwani hivyo ndivyo anavyoniita nikiwa mjinga, "mimi nimekaa na mama yako miaka hii yote. Ndege itanitisha na nini?"

Basi nikaenda kwa mama mwenyewe. Nilimkuta akipima magauni mbele ya kioo, gomesi tatu zikiwa zimetandazwa kitandani. Nikamwambia ukweli wote: kituo cha mafuta, harusi, kile kiti. Alicheka sana kuhusu ile pole ya msiba. Kisha akaketi juu ya gomesi mojawapo.

"Ulitaka kukaa na mimi."

"Ndiyo, Mama."

"Mwanangu, nikikaa na wewe nitajikaza. Nitasema ni nzuri, ni nzuri, asante, mpaka tufike, ndiyo usione vibaya na pointi zako." Akanyoosha ukingo wa gomesi kwa kidole. "Huyu mwanamke mwaka wa vita tulijificha naye juu ya dari siku nne. Yeye ameshaniona nikiogopa. Mbele yake siwezi kujifanya, hataniruhusu." Akainuka. "Tena nikienda bila yeye, nitakaporudi atasema nilipanda basi nikadanganya."

Nilirudi nyumbani nikajaza majina mawili, yote ya kike.

Siku ya safari niliwafikisha hadi pale ambapo wasio na tiketi huzuiwa. Mama alikuwa katika gomesi ya zambarau, mama mdogo katika mtandio mpya, na wote wawili walikuwa wakikokota mabegi yaliyojaa siagi ya ufuta ambayo ukaguzi, nilijua, haungeipenda. Nilisikia mabishano yao yakipanda juu ya kelele za ukumbi: ni nani ashike vitambulisho. Hawakugeuka kunipungia mkono. Nilikunywa kahawa ya ghali pale chini na kuilipia kwa kadi, kwa mazoea.

Walirudi kwa basi baada ya wiki mbili, wamevimba miguu na wamejaa habari. Niliwapokea Katwe, nikasubiri mpaka wapumzike, nikauliza kile nilichokuwa nikitaka kuuliza.

"Ilikuwaje?"

"Huyu alilia," mama akaninong'oneza, mama mdogo alipokwenda kuchota maji. "Magurudumu yalipoinuka tu, alinikamata mkono kama mtoto. Usimwambie nimekwambia."

Na mama alipokwenda kuitazama sufuria yake, mama mdogo akaniinamia. "Mama yako alilia, baba. Mkono wangu mpaka leo unauma. Nyamaza hivyohivyo."

Tulipokula pamoja waliniambia kuhusu ziwa. Mama alisema lilikuwa kijivu, na visiwa vimetapakaa kama mboga ndani ya mchuzi. Mama mdogo alisema lilikuwa la buluu, na kwamba mwenzake hakuona vizuri, kwa sababu aliyekaa dirishani ni yeye.

"Dirishani nilikaa mimi," mama akasema.

"Wewe? Wewe ulikuwa umefumba macho!"

"Dirishani nilikaa mimi, Mungu ananiona!"

Wakanigeukia niamue, kama walivyokuwa wakimgeukia baba. Viti vya pointi havina hadhi ya kuchaguliwa. Kampuni ya ndege huvitoa pale inapopenda, na tiketi zao nilizichapisha mwenyewe, nikaviona viti vyao: kimoja cha katikati na kimoja cha kando ya njia. Dirishani alikaa mtu mwingine kabisa, sijui nani, na sijui kama alikuwa na utulivu hata dakika moja.

"Niongezeeni mchuzi," nikasema, "halafu mniambie tena hilo ziwa, mmoja mmoja."