Uji Mzito, Uji Mwepesi

Kazi yangu pale Kamina ilikuwa kupima ulaini wa chakula. Nikiwaeleza watu hivyo walicheka, kwa hiyo baada ya muda niliacha kuwaeleza. Nilikuwa msichana aliyetoka tu shule ya ufundi Lubumbashi, nikapewa barua ya kwenda kwenye kituo cha kilimo nje kidogo ya mji, mahali walipojaribu mbegu mpya za mihogo na mahindi. Wengine walipima mavuno shambani. Mimi niliyapika na kuyapima yakiwa chakula, kwa sababu mkulima hapandi mbegu ambayo bukari yake, yaani ugali, haishikiki mkononi.

Chombo chenyewe kilikaa katika sanduku la mbao. Kilikuwa na mguu wa chuma, na fimbo nyembamba iliyobeba koni ya shaba. Unaweka chakula chini yake, unabonyeza kitufe, koni inaanguka kwa uzito wake kwa sekunde tano, na mshale kwenye uso kama wa saa unaonyesha imezama kiasi gani. Kwenye chakula laini inazama sana, kwenye kigumu inagusa juu tu. Unarudia mara tano, unaandika.

Mkuu wangu wa kazi aliitwa kwenda Kinshasa kabla sijamaliza mwaka, hakurudi, wala hakuna aliyeletwa mahali pake. Niliendelea kutuma karatasi za vipimo kwa treni kila mwezi. Jibu halikuja. Saa sita mchana nilikula bukari ile ile niliyoipima, yenye matundu matano juu. Wenzangu wa shambani walirudi kula makwao, wakizungumza Kiluba njiani, nami sikukijua. Kwetu mtu hali peke yake ila akiwa mgonjwa au amekosana na watu. Mimi sikuwa mgonjwa, na sikuwa nimekosana na yeyote.

Siku moja ya soko, majira ya mvua, mwanamke mmoja alipiga hodi mlangoni mwa maabara. Alinizidi kama miaka kumi. Alikuwa amekuja na lori la jeshi kutoka Base, kambi ya wanajeshi nje ya mji, ambako mume wake alikuwa sajini, na mikononi alibeba bakuli mbili zilizofungwa kwa kitambaa.

"Citoyenne, banasema weye uko na mashini ya kujua bukari iko nguvu ao iko laini. Iko kweli?" Citoyenne, yaani raia, ndivyo tulivyoitana enzi zile.

"Ni kweli, yaya," nilimjibu, kama tunavyomwita dada mkubwa. "Ingia, ukae."

Hakukaa. Alieleza akiwa amesimama. Mume wake alirudi kutoka vitani na jeraha la risasi iliyopita shingoni. Kidonda kilipona, lakini koo halikurudi kama zamani. Maji yalimpitia njia mbaya akakohoa hadi machozi yakamtoka, bukari ilikwama. Daktari alimwambia ampe kitu kisicho maji na kisicho kigumu, akaishia hapo.

"Juzi nilipika uji, akameza yote, hakukohoa hata mara moya. Jana nikapika tena, nikasema iko sawa na ile, kumbe hapana. Alikohoa mpaka nikaita bantu ba pembeni. Minyi nataka kujua ile ya juzi ilikuwa namna gani."

Bakuli moja ilikuwa na mabaki ya juzi, nyingine ya jana. Ilibidi nimwambie ukweli: uji ukipoa unakaza, na ule wa bakuli zote mbili ulikuwa umeshageuka. Mashine ingeniambia ulivyo sasa, si ulivyokuwa alipoumeza. Alinisikiliza, halafu akaanza kufunga bakuli zake. Alikunja kitambaa polepole, pembe kwa pembe, bila kulalamika. Nikajikuta nasema, "Nitakuja mwenyewe Jumamosi. Tutaupima ukiwa moto."

Chombo hakikuruhusiwa kutoka nje ya maabara. Lakini hapakuwa na mtu wa kuniruhusu, wala wa kunikataza.

Jumamosi nilipanda lori, sanduku likiwa mapajani. Walikaa chumba kimoja chenye baraza. Sajini alikuwa ameketi kitini, nywele zimechanwa vizuri, shati likining'inia mabegani. Alinipa mkono. Tuliweka chombo mezani, nikakikalisha sawa kwa kipande cha katoni, na mke wake akapika uji wa mahindi na karanga zilizotwangwa. Nikapima, akamlisha kijiko. Akakohoa sana, mgongo wote ukitikisika. Tukaongeza unga. Safari hii ulikwama, akautema. Tukapunguza. Nilianza kuogopa kwamba nimekuja kumtesa mtu mbele ya mke wake, nikataka kuacha, lakini yeye mwenyewe alionyesha sufuria kwa kidole.

Mara ya nne alimeza. Tulingoja kikohozi, hakikuja. Akafungua mdomo tena.

Niliandika pale mshale uliposimama. Tukapika sufuria nyingine tangu mwanzo hadi mshale ukafika pale pale, akameza tena.

"Njo hapo," alisema sajini, yaani ndipo hapo hasa. Sauti yake ilikuwa hewa tupu.

Wiki iliyofuata nilichonga kijiti cha mwanzi, nikafunga msumari mzito upande wa chini, na kwa kukilinganisha na mashine nikakichora mstari. Ukikisimamisha juu ya uji na kukiachia, kikizama hadi kwenye mstari, uji uko tayari. Mke wake alikijaribu mara nyingi mbele yangu. Baada ya hapo hakunihitaji tena, lakini niliendelea kwenda kila Jumamosi, na hakuna aliyeniuliza kwa nini. Aliniwekea bukari na samaki wa Mulongo, tukala watatu, sajini akila uji wake.

"Kula, mudogo yangu," alinichokoza mara moja nilipokuwa nikiifinya bukari kwa vidole. "Ile yako hatupimi."

Sajini alinenepa. Shati lilianza kumkaa.

Kisha Jumamosi moja nikakuta barazani nguo za watu wengine zimeanikwa. Jirani aliniambia walipewa amri Jumatano, wakapandishwa ndege ya jeshi siku hiyo hiyo kupelekwa Equateur, jimbo la mbali kaskazini. Hawakupata nafasi ya kuniletea habari. Lori la kurudi mjini lilikuwa la jioni, kwa hiyo nilikaa kwenye kisiki karibu na lango mchana kutwa. Sikuwahi kuuona mchana mrefu namna ile.

Ilipita karibu miaka miwili. Kaplo mmoja aliyekuwa safarini alishuka kwenye treni, akaniulizia hadi akafika kwenye kituo cha kilimo.

"Ule sajini alikufa. Iko homa njo ilimuua," alisema. "Mama, muke yake, alinituma nikwambie: alikula vizuri mpaka siku ya mwisho."

Nilimuuliza yule mama sasa anakaa na nani. Hakujua, yeye alipewa maneno hayo tu. Nilimwomba akae ale, akasema treni itamwacha. Nikamsindikiza hadi gare ya treni, nikasimama pale mpaka behewa la mwisho likapita, kisha nikapitia sokoni kununua mboga.