Polisi walitafuta sura, mimi nikatafuta ng'ombe: kamera za Goma zilivyomuona baba yangu

Wakuu, heshima zenu. Asiyeamini haya apite mtaa wa Murara aulize fundi wa betri, ataonyeshwa kwangu. Siongezi chumvi, kisa chenyewe kina chumvi ya kutosha.

Ilikuwa kipindi vita vimeshuka tena Masisi, watu wanakimbilia Goma kwa barabara ya Sake.

Mimi naishi mjini, ila baba alibaki mlimani na ng'ombe wake mmoja aliyekuwa amesalia, anaitwa Gaju. Majirani waliofika walisema walimwacha Sake, mzima, anamvuta Gaju. Baada ya hapo kimya, karibu wiki. Simu yake haipatikani.

Nilizunguka kambi za Mugunga siku mbili nikiuliza hema kwa hema. Siku ya pili jioni nilikaa juu ya jiwe nikalia, sioni haya kusema.

Kesho yake asubuhi kituo kimoja cha polisi kikanipigia, maana kazi yangu ni betri. Betri za chumba chao cha kamera zimekufa, njoo haraka.

Nikaenda. Nilipowasha tu, skrini ya kwanza ikaleta barabara ya kuingia mjini. Watu, magodoro, masufuria, mbuzi.

Nikamwambia komanda, mzee mnene mwenye kicheko cha karibu:

"Komanda, niko natafuta papa yangu. Alipita hapo."

"Iko na foto?"

Nilikuwa nayo kwenye simu. Komanda akajivuna kidogo, akasema mashine yao inatambua sura ya mtu yeyote. Mama Furaha, polisi anayekaa kwenye kompyuta, akaiingiza.

Wakuu, mashine ikafikiri. Ikaleta mama mmoja muuza sambaza, wale dagaa wa ziwani.

Ikafikiri tena. Ikamleta komanda mwenyewe, yuko ndani ya jeep anakula muhogo.

Mama Furaha akainamisha kichwa asionekane anacheka. Komanda akasema vumbi ndilo linaharibu.

Tatizo halikuwa vumbi. Mtu anayekimbia vita ana godoro kichwani, sura iko chini kivulini. Nikaona nikiendelea hivi nitapewa mababa kumi na wote si wangu.

Nikasema: "Tuache sura. Tutafute ng'ombe."

Hapo chumba kizima kilicheka, na komanda akasema: "Fundi, ngombe ziko mingi, na zote zinafanana."

Zinafanana kwako wewe. Sisi tumekulia mlimani. Asubuhi ya ukungu baba alikuwa anakusimamisha ng'ambo ya bonde, anakuuliza yule ng'ombe anayekunywa maji kule ni nani. Ukikosea unarudi kulala bila maziwa. Nimelala bila maziwa mara nyingi, ndiyo maana najua.

Tulirudisha rekodi nyuma siku kwa siku. Karibu saa nzima. Halafu nikamuona.

Pembe ya kushoto imeshuka, doa jeupe ubavuni, na ule mwendo wake wa kusimama kila hatua kumi kana kwamba barabara ni yake. Nyuma yake mzee amefunga sweta kichwani. Sura haionekani hata kidogo. Alikuwa baba.

Sasa sikieni. Gaju akaiona nguzo ya kamera. Akaisogelea, akaanza kujikuna shingo, kwa raha zake zote. Picha ikatikisika, ikageuka, barabara ikapotea. Ikabaki inaonyesha kichochoro na geti la buluu la shule moja.

Komanda akasimama. "Kumbe ni yeye! Tuliandika rapport ya sabotage."

Kwa ripoti hiyo ya hujuma, wiki nzima walikuwa wanamtafuta adui aliyegeuza kamera, hata baada ya kuirudisha ilivyokuwa.

Ila mimi nilikuwa natazama kichochoro. Baba akaingia kwenye picha, akamvuta Gaju, akagonga geti, likafunguliwa, wakaingia. Gaju asingejikuna, tusingeona geti lile milele.

Sikungoja kukusanya vifaa. Nilipanda pikipiki hadi pale. Madarasa yamejaa wakimbizi, na uwanjani baba amechuchumaa anamkamua Gaju, watoto wamepanga foleni na vikombe.

Nilimkumbatia akiwa na kikombe mkononi, maziwa yakanimwagikia shati. Akanilaumu kwa ajili ya maziwa.

Kisha akauliza: "Nani alikuambia niko hapa?"

Nikamsimulia kwa fahari: kamera, nguzo, mama wa sambaza. Nilitegemea acheke. Hakucheka.

"Hiyo kamera inajua kama weye ni mutoto yangu?"

"Hapana papa. Inaona tu."

"Basi ule mwenye iko ananitafuta kwa mubaya, inamuonyesha pia."

Miaka yote nilimsihi ahamie kwangu akakataa, eti Murara hakuna nyasi, kuna mawe ya volkano tu. Siku ile alifunga mzigo wake mwenyewe. Tukatoka na Gaju kwa mlango wa nyuma, yeye akikagua kila nguzo ya umeme njiani.

Siku mbili baadaye komanda akapiga simu. Kwa wema kabisa, wakuu, nasema ukweli.

"Fundi, muzee ulimupata?"

Baba alikuwa pembeni yangu anamkatia Gaju nyasi za kununua. Akaacha kukata. Akanitazama.

Mtu yule alinirudishia baba, na nilitamani kumshukuru. Nikasikia mdomo wangu unasema: "Bado, komanda. Niko natafuta."

Gaju, nyuma yangu, akalia kwa sauti yake yote.

Komanda alimsikia, najua. Kisha akasema polepole: "Basi endelea kutafuta, fundi. Na mimi ile rapport sitaibadilisha, muzee haitaingia ndani." Akakata simu.

Baba akarudi kukata nyasi.

Nilichojifunza: kamera haina ubaya wala wema, uliza nani amekaa mbele ya skrini leo, na nani atakaa kesho. Mimi nilibahatika kumkuta mtu.

Haya, uwanja wenu. Wewe ungemjibu nini komanda? Na wale wataalamu wa kusema nilikuwa mwoga, semeni kwanza baba yenu analala wapi.